Kipande cha Kadii na Baraza la Wapinda Leso

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya tatu, ile ambayo Mwikali hutundikia zipu zake za rangi rangi, na aliyelibandika hakuwa na adabu hata ya kuziondoa zipu kwanza. Gundi ilichuruzika juu ya zipu nne na kuzigandisha. Mwikali alipofika asubuhi hiyo ya Jumatatu alisimama na mzigo wake kichwani, akaitazama ile karatasi kutoka juu hadi chini, kisha akaita, "Mama Sanga, hebu njoo unisomee huyu mgeni."

Kadii alikuwa akiitia mafuta cherehani yake. Akafuta vidole kwa kitambaa, akavaa miwani, akaja. Kwenye baraza lile yeye ndiye aliyekuwa msomaji. Alifika darasa la saba, tena zamani, wakati darasa la saba lilikuwa kitu, na kwa miaka ishirini na mbili aliwasomea wenzake barua za shule, karatasi za hospitali, na majina ya leso, yale mafumbo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Baraza lenyewe lilikuwa la nyumba moja ndefu ya kale, nyuma ya soko la Malindi, mwendo mfupi kutoka kituo cha magari. Cherehani kumi na moja za kukanyaga kwa mguu zilipangwa pale ubavu kwa ubavu. Wanawake wa Mambrui walileta doti zao za leso zikatwe katikati na kupindwa ncha. Wengine walitoka Kaloleni na Rabai kushonesha hando, zile sketi za Kigiriama zenye marinda mengi, kwa ajili ya ngoma za arusi na za matanga. Hando moja ya Kadii ilikuwa na marinda mia tatu na kitu, na kila rinda alilikunja kwa kidole gumba kabla ya sindano kulifikia. Mteja akiwa na haraka, Kadii alimwambia akanunue ya dukani.

Sasa akasoma, kidole chini ya mstari, polepole ili wote wasikie. Kampuni iitwayo Upeo wa Kusi imeomba kiwanja hiki kibadilishiwe matumizi, kutoka biashara ndogondogo na makazi, kiwe cha jengo la ghorofa nane. Mwenye maoni afike Alhamisi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa jamii. Asiyefika atahesabiwa kuwa hana pingamizi.

"Rudia hapo mwisho," Mwikali akasema.

Kadii akarudia.

Hapo kila mtu akaelewa. Nyumba iliuzwa mwaka uliotangulia na warithi wa marehemu mwenye nyumba, kwa mnunuzi ambaye barazani hakuna aliyemjua, na wale wanawake walipoogopa kuwa watafukuzwa, waliambiwa watulie, kwani ramani ya mji inalitaja baraza lile kuwa mahali pa kazi za mikono. Atakayenunua atanunua pamoja na cherehani zake. Ramani ndiyo iliyokuwa ukuta wao. Na sasa kuna mtu ametaka ukuta uondolewe, tena kwa heshima, kwa karatasi yenye muhuri.

Hawakukaa sana kuamua. Kadii ndiye atakayesema kwa niaba ya wote kumi na mmoja. Mwikali alimtania kwamba avae gauni lile la kanisani, maana watu wa ofisini husikia kwa macho.

Kulikuwa na jambo moja lililomhusu Kadii, naye hakulificha. Mwanawe wa pekee, Sanga, alifanya kazi katika ofisi ya mipango ya mji. Ndiye aliyechora ramani na kuandika kumbukumbu za vikao. Wapinda leso wote walijua, na wengine walifurahi kuwa wana mtu wao ndani. Kadii yeye hakufurahi wala hakuchukia. Alijivunia tu kwamba mtoto aliyelala chini ya cherehani yake akiwa mchanga, juu ya vipande vya leso, sasa ana meza yake na kiti kinachozunguka.

Jumanne Sanga alipita kwa mama yake kula chakula cha mchana, kama alivyozoea. Kadii alimpikia mchicha wa nazi na sima, akamwekea samaki kipande cha mkiani anachokipenda. Walipokuwa wawili alimwita mayo, kama watoto wote wa Kigiriama wanavyowaita mama zao. Alipoulizwa habari ya lile tangazo alitafuna kwanza, muda mrefu kwa samaki laini vile. Kisha akasema ni kikao cha kawaida, mayo asijisumbue. Jua ni kali, ukumbi hauna hewa. Kwa nini asiende Rabai siku hiyo kumwangalia dada yake? Yeye Sanga angetafuta gari la kumpeleka na kumrudisha.

Kadii akamwambia amechaguliwa kusema.

Sanga akaweka tonge chini. Alieleza kwa upole sana kwamba yeye atakuwa ameketi pale mbele, na haitapendeza mama yake asimame kusema mbele yake. Watu watadai kuna kupendeleana. Ataharibikiwa kazini. Basi Kadii alisikitika. Aliona mwanawe ana haki, kwamba kazi ya watu ina miiko yake, akalala siku hiyo akiwaza amwachie Mwikali. Lakini Jumatano asubuhi alimkuta Mwikali ameketi akijizoeza maneno, na Mwikali huyo, anayeweza kumtukana dereva wa lori mpaka akazima injini, alikuwa akikosea sentensi ile ile ya kwanza. Hajui kusoma. Akikatizwa kwa swali la maandishi atakwama. Kadii akamwambia atulie, atasema yeye. Kwa Sanga hakusema kitu.

Alhamisi walifika mapema, wamejifunga leso za aina moja, lakini viti vya safu mbili za mbele vilikuwa tayari vimejaa watu wasiowajua, wamevaa kofia mpya nyeupe zinazofanana, kila mmoja na soda mkononi. Kazi yao ilikuwa kupiga makofi. Walianza kupiga kabla mtu hajasema neno.

Mezani waliketi watu watano. Katikati alikuwa mwenyekiti, Bi Cherop, mwanamke mrefu aliyehamishiwa Malindi miezi mitatu nyuma, ambaye hakuwa amezoeana na yeyote na hakuonekana kuwa na haraka ya kuzoeana. Mwishoni kabisa alikuwa Sanga, na daftari kubwa la kumbukumbu. Alipomwona mama yake akiingia, kalamu ilimtoka mkononi. Akainama kuiokota, akakaa huko chini ya meza muda wa kutosha kuokota kalamu kumi.

Bi Cherop alifungua kikao kwa kueleza utaratibu. Kila atakayesema ataje jina lake kamili kama lilivyo kwenye kipande, yaani kitambulisho, na namba ya kipande, viandikwe. Kisha aseme kama ana maslahi katika ombi hili, yaani kama yeye au mtu wa nyumbani kwake atafaidika likikubaliwa au likikataliwa. Akasema sharti hilo linaanzia pale pale mezani. Akawageukia wenzake, mmoja mmoja. Wa kwanza akasema hana. Wa pili hana. Wa tatu hana.

"Bwana Sanga Dena?"

"Sina," akasema Sanga.

Kadii alimsikia vizuri. Hata alifurahi kidogo jinsi sauti yake ilivyotoka safi.

Aliyeitetea kampuni alikuwa bwana mmoja mkandarasi, Thuku, mwenye tabasamu pana na viatu vyenye ncha. Kadii alimjua. Alikuwa rafiki wa Sanga, na sikukuu ya Krismasi alikula wali wa nazi nyumbani kwa Kadii, sahani mbili, akasifu. Thuku akaeleza kwamba yeye ni msemaji tu, mwenye kampuni ni mtu mwenye shughuli nyingi na hakuweza kufika. Akaonyesha picha ya jengo, vioo vitupu, na chini yake wamechorwa watu weupe wakitembea na mbwa. Safu mbili za mbele zikapiga makofi. Aliulizwa wapinda leso watakwenda wapi, naye akasema watapewa kipaumbele. Wapi? Kipaumbele, akarudia.

Ndipo Kadii akaitwa.

Alisimama, akajinyoosha gauni, akasema kwa sauti aliyoitumia kusomea barua. "Caroline Kadii Kitsao." Wenzake wakatazamana, maana miaka yote ile hawakujua kwamba yeye ni Caroline. Lilikuwa jina la ubatizo, la kwenye karatasi tu. Kisha akataja namba ya kipande chake kwa moyo, tarakimu zote nane, bila kusita. Ukishapanga foleni za leseni miaka ishirini na mbili namba hiyo huingia mwilini. "Na maslahi ninayo, Bi Mwenyekiti. Mimi hukaa pale barazani kila siku isipokuwa Jumapili."

Watu wakacheka. Bi Cherop hakucheka. Alikuwa ameanza kuandika, akaacha. Akafungua faili lililokuwa mbele yake, akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akarudi nyuma.

"Samahani, mama. Nitajie namba tena."

Kadii akaitaja tena, polepole, akidhani yule mwanamke hasikii vizuri kwa kicheko kile.

Bi Cherop alikuwa akiifuata kwa kidole kwenye faili, tarakimu kwa tarakimu, kama Kadii mwenyewe anavyosoma. Kidole kikafika mwisho. Akainua uso. Alikuwa amebadilika, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Mama, sielewi," akasema. "Umekuja kupinga ombi lako mwenyewe?"

"Ombi gani?"

"Upeo wa Kusi ni kampuni yako. Hapa pameandikwa mwenye kampuni ni mmoja tu. Caroline Kadii Kitsao. Namba ni hiyo uliyoitaja. Na picha," akaligeuza faili kuelekea ukumbini, "picha ni yako."

Hata wenye kofia nyeupe waliacha kunyonya soda. Kadii akaiona picha ile kutoka pale aliposimama. Ilikuwa ndogo kama kucha, lakini mtu huijua sura yake. Alikuwa hana kitambaa kichwani. Na hapo akaikumbuka siku yenyewe, mwezi wa nne mwaka uliopita, katika studio karibu na stendi, mpiga picha akimwambia avue kitambaa masikio yaonekane. Sanga alikuwa amesimama mlangoni. Alisema ni ya kadi ya matibabu ya wazee. Kisha alikaa na kipande cha mama yake siku mbili. Alimletea karatasi, akamwonyesha pa kutia sahihi, hapa mayo, na hapa, na yeye Kadii, msomaji wa baraza zima, asiyepitisha hata karatasi ya dawa bila kuisoma mpaka chini, hakusoma. Asome nini? Alikuwa ni mtoto wake ameshika karatasi.

Akashika mgongo wa kiti.

Nyuma yake Mwikali akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe tumekuwa wapangaji wako, Mama Sanga. Na juzi umetusomea tangazo lako kwa miwani."

Maneno hayo yalimwingia Kadii kuliko yale ya faili. Akageuka. Wanawake kumi walikuwa wakimtazama kama anavyotazamwa mwizi aliyekutwa ndani ya nyumba uliyomkaribisha. Akageuka tena mbele kumtafuta Sanga, naye Sanga alikuwa ameinamia daftari, kalamu imesimama, kichwa amekizamisha mabegani kama alivyokuwa akifanya udogoni akivunja kitu.

Thuku aliwahi kusimama. Tabasamu lilikuwa pale pale, limekaza tu kidogo pembeni. Aliomba kikao kiahirishwe. Akasema kuna kosa la makarani, mambo madogo, na bila shaka mama huyu ni mtu mzima, jua limempiga, amechanganyikiwa.

"Bwana Thuku," Bi Cherop akasema, "mambo ni mawili. Ama mama huyu ndiye mwenye kampuni, au hati hii ni ya uongo. Ikiwa ni ya uongo, mimi natoka hapa na faili hili kwapani, nakwenda kituo cha polisi. Wewe unasema lipi?"

Thuku akakaa.

"Mama, wewe unasema lipi?"

Kadii alikuwa akipumua kwa mdomo. Kila upande aliotazama palikuwa na kitu cha kupoteza. Akisema kampuni siijui, swali linalofuata ni nani aliyekuwa na kipande chake, na jibu lake limeketi pale mezani. Akisema ni yangu, baraza litavunjwa kwa jina lake, na wale wanawake kumi watakufa wakiamini kwamba aliwauza. Alitamani mwanawe ainue kichwa tu. Akiinua kichwa, akisema neno lolote, hata la uongo, huenda angelijua la kufanya. Sanga hakuinua kichwa.

Basi akafanya kile anachofanya rinda likikataa kulala. Akalirudisha nyuma.

"Bi Mwenyekiti, nina swali," akasema. "Aliyeleta ombi anaweza kulichukua?"

Bi Cherop akamtazama. "Anaweza. Wakati wowote kabla halijaamuliwa. Kwa maandishi."

"Na akishalichukua, ramani inabaki kama ilivyo?"

"Inabaki kama ilivyo."

"Karatasi na kalamu, tafadhali."

Thuku aliruka akasema hilo haliwezekani, mama huyu hana mamlaka, hajui hata kampuni inafanya nini, yeye siye mwenye... Akakatika hapo. Alikuwa amefika ukingoni mwa sentensi na kuona kilicho chini. Mtu mmoja mwenye kofia nyeupe akapiga makofi, kwa mazoea tu, na jirani yake akamshika mkono.

Kadii aliandika mbele ya watu wote, herufi kubwa kubwa za darasa la saba. Mimi Caroline Kadii Kitsao, ambaye kwa hati yenu ndiye mwenye kampuni ya Upeo wa Kusi, naondoa ombi la kiwanja cha baraza la wapinda leso. Akatia sahihi. Sahihi haikufanana sana na ile ya kwenye faili, lakini Bi Cherop aliiangalia tu na kugonga muhuri.

Ingeweza kuishia hapo. Thuku alishaanza kukusanya picha zake za vioo. Sanga hatimaye aliinua uso. Macho yake yalimwomba mama yake kitu kimoja, na Kadii alikielewa bila kuambiwa, kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha kuomba. Akataka kukaa. Kweli alikuwa ameinama nusu, ameshika kiti.

Lakini Bi Cherop, kwa kufuata utaratibu wake tu, akasema, "Kwa kumbukumbu, mama. Mbali na cherehani yako, una maslahi mengine unayotaka kuyatangaza?"

Kadii akanyooka.

"Ninayo," akasema. "Huyo anayeandika ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Mwezi wa nne mwaka jana alichukua kipande changu, akasema ni cha matibabu, nami nikatia sahihi bila kusoma. Huyu Thuku ni rafiki yake, amekula kwangu. Kampuni sikuijua mpaka leo. Ulipomuuliza kama ana maslahi alikwambia hana. Nilimsikia."

Sanga alikuwa bado ameshika kalamu juu ya daftari, na kila mtu aliona kwamba hajaandika hata neno moja katika yale aliyoyasema mama yake.

Bi Cherop alinyoosha mkono mbele ya jirani yake, akalivuta daftari kwake, akachukua na kalamu, akaanza kuandika mwenyewe. Aliandika muda mrefu. Kisha akamwambia Sanga Dena atoke mezani akasubiri nje, na Bwana Thuku asitoke ukumbini.

Kadii hakumbuki alivyofika kwenye ngazi za nje. Alijikuta ameketi juu ya saruji ya moto, gauni la kanisani limekunjika. Mwikali akaja akaketi kando yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Baadaye akauliza, "Watamfunga?"

"Sijui."

"Ungenyamaza, Mama Sanga. Baraza lilishapona. Sisi tusingejua."

"Ninyi mlishajua kwamba mimi ni mwizi."

Mwikali akatazama chini. Akasogea, nafasi ile ya mtu mmoja ikaisha, mabega yakagusana.

Sanga alitokea kwenye kona ya jengo, mkoba wa ofisini begani, peke yake. Alikuwa ameambiwa asubiri, na alikuwa hajui asubirie wapi. Alipowaona alisita, kisha akaja mpaka mbele ya ngazi, akasimama. Kadii alimtazama viatu, suruali iliyopigwa pasi, shingo, uso. Ulikuwa uso ule ule. Hilo ndilo lililomshtua. Alitarajia mtu aliyemfanyia vile awe na sura nyingine.

"Shikamoo, mayo," akasema Sanga, maana siku hiyo walikuwa hawajaamkiana.

"Marahaba," Kadii akamjibu. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya kila siku, naye akabaki ameduwaa, ameweka mkono mdomoni, kama limesemwa na mtu mwingine.